Kitanda cha Shubiri Tisa

Mwambie Fundi Shubiri kwamba duniani kuna kifaa cha kupimia kinaitwa futi kamba, na utakuwa umejitafutia ugomvi asubuhi na mapema. Futi kamba, atakuambia, ni ya watu wasiojiamini. Yeye ana mkono wa kulia. Kidole gumba hapa, kidole cha mwisho kule, shubiri ndiyo hiyo, na kwa shubiri hiyo alisomesha watoto watano, akatengeneza madawati ya shule nzima na kiti cha kinyozi ambacho mpaka leo kinazunguka bila kulalamika. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani ni Fundi Shubiri, basi.

Kwa hiyo binti yake wa mwisho alipomletea vani kuukuu iliyokuwa ikisambaza mikate, akasema, "Baba, naomba unitengenezee nyumba humu ndani," mzee hata hakuuliza vipimo. Alipanda, akavuta pumzi. Bado mlinukia mkate. Akapigapiga bati kwa kiganja, akazungusha macho toka viti vya mbele mpaka mlango wa nyuma, akashuka anacheka peke yake.

"Hiki chumba mbona kikubwa," alisema. "Sisi tulilala saba kwenye kidogo kuliko hiki."

"Baba naye! Usitie chumvi."

"Haya, kile kilizidi kidogo. Lakini hakikuwa na magurudumu."

Huyu binti ni mkaguzi wa mizani. Kazi yake ni kuzunguka mji hadi mji, kuingia masokoni, buchani na kwenye zahanati, kuhakikisha kwamba kilo ni kilo kweli. Wauza nyama wakimwona tu, salamu zinakuwa nyingi na tabasamu linafika masikioni. Miaka sita alikuwa akilala gesti, kwenye magodoro yaliyobonyea katikati na nyuma ya milango isiyofungika sawasawa, na sasa alikuwa amechoka, tena amechoka vibaya. Lilikuwepo duka lililokuwa tayari kumfungia kila kitu kwa siku mbili, kitanda, kabati, meza, na rangi juu. Alilikatalia. Alitaka cha baba yake.

Na baba mtu alitaka zaidi yake. Maana, tuseme ukweli, kazi za Fundi Shubiri zilikuwa zimejaa kwenye nyumba za watu, lakini kwa wanawe hapakuwa na hata kigoda. Wakubwa wanne walihama, kila mmoja na kitanda chake cha dukani. Mama yao alifariki. Ile nyumba waliyopanga ilibomolewa, na mbao za chumba chao zikaenda na kifusi. "Nataka mmoja wenu alale juu ya kazi yangu kabla sijafumba macho," alimwambia binti, bila kuzunguka. "Mmoja tu. Baada ya hapo sidai kitu."

Ah, kile chumba! Ungekiona mchana usingeamini kwamba kuna watu wanalala. Mchana kilikuwa karakana. Vitanda vyote vilikuwa na bawaba ukutani, na alfajiri mama yao alipiga makofi mawili akasema, "Kunja nyumba!" Basi kila mtoto alinyanyua chake, akakitia ndoano, na katikati pakapatikana nafasi ya benchi la fundi. Mlango wa kabati ukiulaza chini ulikuwa meza. Meza ukiigeuza ilikuwa ubao wa kupigia pasi. Ngazi ya kupandia kitanda cha juu ilikuwa na droo, na kila droo ilikuwa ya mtoto mmoja, na ole wako ufungue ya mwenzio. Siku moja shangazi yao alikuja kusalimia, akajilaza kidogo kupumzisha mgongo, akapitiwa na usingizi. Mtoto mmoja, aliyezoea kutii, akamkunja. Shangazi alikaa ukutani dakika nzima akiita majina ya babu zake wote, na alipotolewa alicheka mpaka akalia, akaapa hatarudi, akarudi Jumapili iliyofuata.

Mzee alizisimulia hizi habari wiki tatu mfululizo huku anapiga randa. Binti alikuwa likizo. Alishika taa, alipeleka chai, alizoa maranda, akacheka pale pale alipotakiwa kucheka. Hesabu zote zilikuwa kichwani mwa mzee, zimelala humo miaka arobaini. Kitanda cha mtu mrefu, shubiri tisa. Meza ya kukunja, tatu na nusu kwenda juu. Droo ya chini ya kitanda, mbili. Alipima, akatia alama kwa penseli, akakata. Na yule binti, ambaye hawezi kupita mbele ya mizani ya mtu bila kuikagua, alisimama pembeni na mikono nyuma. Nani akamkague baba yake? Adabu ilimziba mdomo.

Jumamosi walikiingiza kitanda garini. Mchomeleaji wa jirani, anayeitwa Cheche, ambaye ndiye aliyekata madirisha ya vani, alikuja kusaidia kubeba. Waliingiza, wakafunga skrubu, wakatandika godoro. Kwenye upande wa miguu, kati ya kitanda na mlango wa nyuma, ilibaki nafasi ya kutosha ndoo. Mzee alikunja uso kidogo.

"Haya mama, lala tuone," alimwambia bintiye.

Binti akavua viatu, akalala. Huyu ni msichana mrefu, alirithi kwa mama yake. Kichwa kiligusa ubao wa kichwani, na nyayo zote mbili zikachungulia nje ya kitanda upande wa pili. Akakunja magoti harakaharaka, lakini wapi, Cheche alishaona.

"Lo! Mkaguzi analala nusu, nusu nyingine inasubiri zamu!"

"Wewe," mzee alimgeukia, "ulipokata hayo madirisha ulilipindisha gari."

"Gari limepindaje likafupisha kitanda, mzee wangu?"

"Bati linavuta! Moto wako umevuta bati!"

"Mzee, acha kunisingizia. Kwanza ngoja." Cheche akasita, akashika kidevu. "Lile benchi ulilonitengenezea mwaka jana. Mke wangu kila siku ananiuliza mbona nikikaa magoti yananifika kifuani. Mimi nikadhani ni uzee wangu!"

Hapo mzee aliwaka. Alimwambia Cheche maneno ambayo hayafai kurudiwa mbele ya watu wanaokula, kuhusu benchi, kuhusu magoti, na kuhusu ukoo mzima wa wachomeleaji. Cheche, mtu wa utani lakini si mjinga, aliona maji yamezidi unga. Aliiweka futi kamba yake kwenye kizingiti cha gari, akasema ana kazi kiwandani kwake, akaondoka zake.

Wakabaki wawili. Binti aliketi juu ya kile kitanda, akaichukua futi kamba, akaigeuzageuza.

"Baba, naomba mkono wako."

"Wa nini?"

"Naomba tu."

Akampa. Binti akaulaza juu ya ubao, akautandaza taratibu, kidole kimoja kimoja, mpaka pale ambapo mzee alivuta pumzi kwa maumivu. Vidole havikwenda zaidi. Vifundo vyake vilikuwa vimevimba, na kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja kwa ndani, kikagoma. Binti alisoma. "Kumi na tisa."

"Kumi na tisa nini?"

"Sentimita. Zamani ilikuwa ishirini na mbili na nusu."

"Nani kakwambia?"

"Niliipima mwenyewe. Darasa la tatu, mwalimu alitupa rula akasema tukapime vitu vitano vya nyumbani. Nilipima sufuria, mlango, kitabu, kikombe, na mkono wako. Ulikuwa unakula. Ulinipa wa kushoto nikakataa, nikasema nataka ule wa kazi." "Siku ile nilipenda vipimo, baba. Kazi ninayofanya ilianzia pale."

Mzee alishuka akaketi kwenye ngazi ya gari, akashika tama. Alikuwa anahesabu. Kila shubiri ilikuwa imepungua upana wa vidole viwili, na shubiri ni tisa. Meza ilikuwa fupi. Droo zilikuwa fupi. Benchi la Cheche lilikuwa fupi, na kabati la mama wa kona, na vigoda vya kanisani, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu nani atamwambia Fundi Shubiri? Miaka yote hii mikono ilikuwa ikiuma asubuhi naye akiipaka mafuta, akijua kwamba inauma. Kwamba inapungua hakujua. Mtu anawezaje kuibiwa mkono wake mwenyewe akiwa anautazama?

"Basi nimekwisha," alisema. "Nenda kwa wale wa dukani. Siku mbili, si wanasema? Nenda mama, usije ukachelewa kazini kwa ajili yangu."

Binti alishuka akaketi karibu naye. Alilia waziwazi, bila kujificha, na mzee akatazama pembeni kwa sababu hakuwahi kujua afanye nini mtoto wake akilia. Hiyo ilikuwa kazi ya mama yao.

"Na mimi nina kosa," alisema binti. "Nakagua mizani ya kila mtu. Wiki tatu nakuona unakunja uso kila unapotandaza vidole, nikasema nitamvunjia heshima. Ningekuuliza siku ya kwanza."

"Ningekufukuza."

"Ungenifukuza, ndiyo. Umeshawahi."

Mzee aligeuka. Alijua anasema nini. Binti alikuwa na miaka minane, alishika randa, akaomba aparuze ubao mmoja tu, naye akamtoa nje: nenda kasome, hii si kazi yako. Siku ile aliliona kuwa jambo dogo. Sasa lilimchoma.

"Nilikosea," alisema. "Ulikuwa na hamu nayo, nami nikakutoa nje. Nisamehe, mwanangu."

Binti akajifuta uso kwa kiwiko. Kisha akautandaza mkono wake wa kulia juu ya ubao wa ngazi, palepale, akaweka futi kamba pembeni. Ana mikono mikubwa, huyu. Nduguze walikuwa wakimtania kwamba hatapata pete ya kumtosha. Ilisoma ishirini na mbili, na alipovuta kidogo, na nusu.

Walitazamana.

"Ubao mrefu upo?" aliuliza binti.

"Upo nyuma ya karakana. Lakini msumeno kwa mkono huu..."

"Sijasema mkono huo."

Wakakifungua kitanda chote. Mzee aliketi kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu aijue kazi, akafanya kazi kwa mdomo. Binti alilaza shubiri juu ya ubao, mzee akahesabu kwa sauti: moja, mbili, usiinue gumba kabla kidole hakijakaa, tatu. Walipofika tisa alisema, "Kata. Acha mstari uonekane, usiule." Binti akaweka msumeno, akaanza kwa kuuvuta mara mbili kuelekea kwake kabla ya kusukuma, kidole cha shahada kimenyooka juu ya mpini.

"Ala!" mzee alisema. "Hilo la kunyoosha kidole nani kakufundisha?"

"Si nilikuwa naugua tumbo kila mara? Mnaniacha kitanda cha juu hamnikunji. Unadhani nilikuwa nalala?"

"Kumbe tumbo halikuwa linauma?"

"Siku nyingine liliuma."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa macho yalikuwa yamejaa machozi, naye hakuyafuta. Akamkosoa pale alipopaswa kukosolewa, tena bila huruma. Umebana mno. Legeza kiwiko. Unagombana na ubao, kakukosea nini? Gundi hiyo ni ya kitanda au ya kubandika dunia? Walifanya kazi Jumamosi mpaka jua likazama, wakaanza tena Jumapili baada ya chai. Meza ikaongezwa urefu wa miguu. Droo zikatengenezwa upya. Adhuhuri kitanda kilirudi garini, kikajaa toka mbele hadi mlangoni, pasipo nafasi ya ndoo wala kikombe.

Safari ilikuwa iwe Jumapili hiyohiyo saa nane, ili Jumatatu asubuhi mkaguzi awe kwenye soko la mji wa kwanza. Vyombo vilishapakiwa. Mawe ya kupimia kilo yalishafungwa kwenye droo yake.

"Baba, kijaribu wewe kwanza," alisema binti. "Mimi nioge, nije nikuage."

"Mimi nijaribu cha nini? Cha kwako."

"Fundi ndiye anayejaribu."

"Fundi ni wewe," mzee alisema, kama mtu anayetaja saa, akavua makubazi, akalala. Aliinyoosha miguu. Akaisukuma mbele zaidi, akitafuta ukingo, ukingo haukupatikana. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na upepo uliingia.

Binti aliporudi, nywele zinachuruzika maji, alimkuta amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi, mikono yote miwili imeachiliwa pembeni, ule wa kulia umejikunja juu ya godoro. Alisimama mlangoni muda mrefu. Saa nane ikafika, ikapita. Akaenda pembeni, nyuma ya karakana, akampigia simu mkuu wake wa kazi.

"Shikamoo, mkuu. Leo sitoki. Nitatoka kesho."

"Marahaba. Kuna nini? Gari limeharibika?"

"Hapana, gari ni zima," alisema kwa sauti ya chini. "Kitanda kina mtu."