Kiti cha Mama Zaina

Saa mbili kasoro robo Mama Zaina aliegemeza ngazi kwenye kiti chake, akakaza kitenge kiunoni, akapanda. Vipandio vilikuwa kumi na viwili. Kwenye cha nane alipumzika kidogo, akamsalimia Papa Isidore, sekretere, ambaye kiti chake kilikuwa kimefika kimo cha kabati tu, kisha akamalizia safari. Dosie, yale mafaili ya siku, zilimfuata kwa kikapu cha kubebea samaki wa ndagala kilichofungwa kamba.

Katika biro ile, ofisi ya kuandikisha mitumbwi, viti vilikua nusu shubiri kwa mwaka. Kila Januari Papa Isidore alivipima kwa tepu ya cherehani ya mke wake, akaandika kitabuni. Hukuwa na haja ya kumwuliza mtu ana miaka mingapi kazini. Ulitazama tu miguu yake ilipo. Ya Mama Zaina, baada ya miaka ishirini na minne, ilining'inia juu ya vichwa vya watu, na wavuvi wa Mpala waliokuja na karatasi zao walikuwa wamezoea kuzungumza na soli zake.

Kiti kimoja tu hakikukua: cha shefu, chumba cha pili, mbele ya dirisha linalotazama ziwa. Ndiyo maana pale bironi aliyepanda cheo ndiye aliyeshuka chini. Mama Zaina alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, na magoti yake yalikuwa yanalia kama mlango wa stoo. Alimwambia binti yake Mouna, aliyemkanda kila jioni, kwamba hataki makubwa: anataka kufanya kazi miguu ikiwa imegusa sakafu, hata kama ni kwa miaka hiyo mitatu tu.

Mwezi wa tatu shefu alistaafu. Wote walijua zamu ni ya nani, na Jovial, planton, tarishi wa biro, alikuwa ameshapangusa lile dirisha. Ndipo ikaja barua: vyeo havitatolewa tena kwa miaka, vitatolewa kwa mtihani.

Wiki nzima biro iligawanyika. Jovial alisema miaka ni miaka, haiibiwi. Prospère alisema mtihani njo haki, maana kukaa si kazi, hata jiwe linakaa. Huyu Prospère alikuwa na miezi minane pale. Kiti chake kilikuwa kifupi hata magoti yake yaligusa masikio alipoandika. Alikuwa kijana wa adabu, mpwa wa mkubwa mmoja ambaye jina lake halikutajwa bironi. Watu walilikohoa tu.

Mama Zaina alisikiliza ubishi wote kutoka juu, kisha akasema, "Haina neno. Nitauandika huo mtihani." Hakuwa na hofu. Kanuni zitakazoulizwa ndizo alizowafundisha wote, Prospère akiwemo.

Alhamisi, siku moja kabla ya mtihani, saa nne asubuhi, kiti cha Prospère kilianza kukua.

Kilipanda polepole, kwa mlio wa mti unaokunywa maji. Papa Isidore aliinua kalamu, akatazama, akaendelea kuandika. Prospère alishika kikombe chake cha chai kisimwagike. Alilipita kabati, akampita Papa Isidore, akafika usawa wa Mama Zaina, wakatazamana.

"Samahani, Mama," alisema Prospère.

"Pita tu, mwanangu."

Kichwa chake kilipogusa dari, Jovial alileta msumeno. Alikata mbao, kisha akakata bati, jua likaingia, na Prospère akatokeza nje mpaka kiunoni, kisha mpaka miguu. Adhuhuri kiti kilisimama. Mtihani wenyewe ulikuwa kesho yake, kwa hiyo watu walirudi kusoma.

Wajumbe wawili wa mtihani walifika Ijumaa, watu wa mbali, wakakaa chini na karanga zao. Maswali yalikuwa kumi. Karatasi zilipandishwa kwa vikapu. Prospère aliandikia juu ya paja, huko kwenye bati. Mama Zaina alimaliza kwa saa moja, akatuma karatasi yake chini, akapumzisha macho.

Baada ya hapo kikapu kilishuka kutoka tunduni. Kwa miezi minane Prospère hakuwa ametoa karatasi hata moja nje ya biro bila kuipitisha kwa Mama Zaina, na siku hiyo mkono wake ulifanya ulivyozoea. Mkono wa Mama Zaina nao ulifanya ulivyozoea: ulichukua kalamu ya bic nyekundu. Swali la nne lilikuwa limekosewa. Mtumbwi ulionunuliwa Kabimba kwa mtu aliyekufa huandikwa kwanza kwa jina la warithi wake. Alirekebisha. La saba pia, na la tisa. Alipokwisha kutia alama yake ndogo chini kabisa, pale anapotia kila siku, ndipo aliposoma jina.

Alitazama juu, akaona soli za viatu vipya. Angeweza kufuta. Lakini kanuni iliyoandikwa vibaya, aliwaza, mahali fulani humnyang'anya mvuvi mtumbwi wake. Akaiteremsha kwa wajumbe.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki mbili. Prospère, tisini na mbili. Zaina, tisini na moja. Moja ya alama alizokatwa Zaina ilikuwa ya tarehe iliyoandikwa upande wa kushoto.

Mama Zaina aliandika barua fupi akiomba kwamba, kwa tofauti ndogo hivyo, miaka ya kazi itazamwe pia, kama desturi ya zamani. Wajumbe walijibu kwamba nao wanapenda haki, wakamwagiza Papa Isidore apime viti.

Tepu haikutosha. Ilibidi Papa Isidore aparamie bati na kupima kwa awamu. Alishuka akiwa na kutu mikononi, wala hakumtazama mtu.

"Mama, kiti chake njo kirefu," alisema. "Miaka makumi ine na moja ya kazi."

"Na ya kuzaliwa ako nayo ngapi?"

"Makumi mbili na sita."

Miguu ya Mama Zaina ilicheza hewani.

"Andika basi," alisema.

Papa Isidore akaandika.

Jumatatu Prospère alishuka, akahamia chumba cha pili, akakaa mbele ya dirisha, miguu sakafuni. Kiti chake cha zamani kilinywea, kikarudi kuwa kigoda. Tundu la bati lilibaki. Hakuna aliyetumwa kuliziba.

Mwezi wa kumi na mbili nywele za Mama Zaina zilikuwa zimeanza kusugua dari, kwa hiyo Jovial na wanaume watatu walisukuma kiti chake mpaka chini ya lile tundu. Januari Papa Isidore alipima: nusu shubiri, kama kawaida. Alimwambia kwamba sasa nafasi ipo, anaweza kukua hata miaka kumi bila kukatiwa bati. Mama Zaina alimshukuru. Nje mawingu ya ziwa yalikuwa yanakaribia. Kikapu kikapanda kutoka chumba cha pili, na juu ya dosie kulikuwa na kikaratasi cha shefu: Mama, angalia kidogo kabla sijatia sahihi. Alifungua mwavuli, akaukinga juu ya karatasi, akatafuta bic nyekundu.