Sauti Inayofuatwa na Mbu Dume

Wivu ninao, sikatai. Mume wangu anafuga mbu kwenye maabara, na wiki nzima wimbo nyumbani ulikuwa mmoja: Kinanda hivi, Kinanda vile. Kinanda ni mfanyakazi mwenzake, mwanamke. Jina hilo wamempa kwa sauti yake. Eti akivumisha puani, mdomo kaufumba, mbu madume wanamfuata wakidhani ni jike anapiga mbawa. Dalili ya mvua ni mawingu, nami sikungoja nilowe. Nikajifanya nampelekea mume wangu chakula cha mchana.

"Karibu, wifi!" Kinanda akanipokea.

Wifi! Mume wangu alianza lini kuwa kaka yake?

Akanisimamisha mbele ya kizimba cha chandarua. "Hawa usiwaogope, dume haumi. Kazi yake kusikiliza tu. Unaviona vipapasio vyake vyenye manyoya? Ndiyo masikio hayo."

Akasogeza uso, akavumisha. Mbu wakainuka wote, wakamwendea. Mume wangu akatabasamu kama baba aliyeona mtoto anapiga hatua ya kwanza. Tabasamu lile kwangu lilishakwisha siku nyingi.

Kinanda alipotoka kwenda kunawa mikono, mume wangu alivuta kiti, akanipa mgongo, akaanza kula. Nikakisogelea kizimba. Zamani, tulipokuwa wageni katika ndoa, nilikuwa nikiimba jikoni na yeye anaacha alichoshika, anakuja kusimama mlangoni. Nilitaka kujua kama sauti ile bado ninayo.

Nikafumba mdomo, nikavumisha. Hakuna mbu aliyejali. Nikapandisha sauti kidogo, nikapandisha tena. Mara wakaja, kundi zima, wakajazana kwenye chandarua mbele ya pua yangu. Walikuwa wananitafuta mimi! Nusura nipige vigelegele.

"Baba watoto, wamenifuata!"

"Mm," akajibu, anatafuna.

"Geuka basi uone!"

"Nimekusikia, mama. Leo chumvi imepungua."

Nikavumisha tena, kwa nguvu zaidi, mpaka midomo ikaniwasha. Mbu walizidi kuja. Mgongo wa mume wangu haukutikisika.

Huko koridoni Kinanda akakohoa. Kikohozi tu, tena cha mbali. Mume wangu akaacha kutafuna, akageukia mlangoni, kijiko kikiwa bado hewani.