Tonge la Germana

Germana wa kijiji cha Kansay alikuwa mtu mzima, lakini akili yake ilikwenda polepole na maneno yake yalikuwa machache. Maisha yake yote alilala chumba kimoja na mama yake. Mama alipofariki, mwaka 1982, dada yake Antonia akamchukua kwake. Tangu hapo Germana akaacha kula.

Hakukataa kwa hasira. Alipokea sahani ya makande, akaipakata mpaka ikapoa, akairudisha. Akilazimishwa, alikwenda nyuma ya nyumba kutapika. Zahanatini walimpa dawa ya minyoo. Majirani wengine walisema ni ukaidi, wengine amerogwa. Mifupa ya mabega ikaanza kuchomoza chini ya gauni.

Asubuhi moja Antonia aliketi naye jikoni, akamuuliza taratibu, "Germana, ukila kunatokea nini?"

"Mama alisema, nenda ukale. Nikala. Nikarudi. Mama hayupo."

Antonia akakumbuka. Ni kweli, mama alikata roho Germana akiwa jikoni anakula.

"Na ukila hapa kwangu?"

"Utaondoka wewe."

Antonia akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Huyu waliyesema haelewi kitu alikuwa amekonda hivi ili dada yake aishi, na hakumwambia mtu.

Alijaribu kumweleza kwamba chakula hakikumuua mama. Maneno hayakuingia. Basi akamega tonge la ugali, akamwekea mkononi.

"Kula hili. Mimi naenda zizini, halafu narudi."

Germana alimwangalia dada yake usoni kwa makini, kama anayemuaga, kisha akalitia tonge mdomoni, akalimeza. Antonia alitoka machozi yakimtiririka. Alijua hajawahi kupendwa namna hiyo, wala kuaminiwa namna hiyo. Akagusa boriti ya zizi, akarudi mbio.

Germana alimpapasa mashavu, akamshika mikono. Kisha akamega tonge jingine mwenyewe na kumwonyesha mlango.

"Nenda tena," akasema.

Antonia akaenda tena, na tena, mpaka njia ya zizini ikamchosha miguu.

Kufikia mavuno Germana alikuwa akimaliza sahani nzima, mradi Antonia yupo karibu. Siku za mnada wa Karatu, Antonia alipokwenda huko, bado hakula. Alisimama kando ya barabara, akiangalia upande ambao dada yake angetokea.