Picha Tisa Zilizogeuziwa Ukuta

Haya nimeambiwa na Salama, mke wa mwanangu, Jumanne iliyopita tukichambua maharage. Yeye ndiye aliyekaa na mdogo wake Sharifa kwenye eda, huko Lushoto.

Sharifa alifiwa na mumewe, Abubakari fundi simu. Mjane hatoki nje miezi minne na siku kumi, na nyumba yao ni sebule na chumba, katikati pazia tu. Sebuleni kulikuwa na picha tisa za kutisha. Marehemu alipenda mambo ya kutisha tangu utoto wake wa vibanda vya video. Kuna mchoraji Dar anayezichora kwa kukumbuka filamu za zamani na magemu. Kila picha anachapa nakala hamsini tu, anaziandika namba kwa penseli na kutia sahihi. Zilikuja na basi, zimeviringishwa, na Abubakari akazitilia fremu mwenyewe.

Walipokuja kumsomea dua, Issa, kaka wa marehemu, aliona haya mbele ya shehe. Akazigeuza zote, nyuso zikaangalia ukuta, akazikaza kwa misumari. Kwa nia njema kabisa.

Tangu hapo Sharifa hakulala.

"Dada, nilikuwa najua kila mmoja yuko wapi. Bibi harusi mwenye taa yuko dirishani, mzee wa lifti yuko juu ya redio. Sasa wamenipa mgongo. Najuaje wanafanya nini?"

"Wako kwenye karatasi, Sharifa."

"Basi kalale wewe sebuleni."

Salama akalala chumbani.

Ukungu ulishuka wiki nzima, dirisha likawa jeupe kama lililopakwa chokaa. Mlango uko wazi, naye hawezi kuuvuka. Salama akamwita Issa, akaja, akasimama upande wa pili wa pazia, maana mjane haonani na shemeji yake.

"Nigeuzie picha, shemeji."

"Mashetani yale? Niyapeleke stoo basi."

"Stoo yenyewe ni hapa nyuma ya kitanda changu."

"Tuyafunike khanga."

"Na upepo ukiitikisa hiyo khanga?"

Salama alicheka mpaka akajiziba mdomo. Issa naye akakohoa. Kisha akasema taratibu, "Yakiangalia huku, shehe haingii. Arobaini itabidi tuisome kwangu."

Kwa Issa ni ng'ambo ya bonde. Sharifa hatasikia hata aya moja anayosomewa mumewe. Salama akamshika mkono, "Vumilia, mdogo wangu."

"Nimevumilia." Akapandisha sauti. "Someni huko, shemeji. Mimi nitamsomea hapa peke yangu. Geuza."

Issa akachukua nyundo. Halafu misumari ikaanza kulia.

"Nani huyo?" Sharifa akauliza toka kitandani.

"Mwanamke, kashika taa."

"Haya. Anayefuata?"

"Huyu... mbwa, lakini ana vidole."

"Huyo hana neno. Anayefuata?"

Kwa wa sita hakuuliza. Alikuwa amelala, saa tisa ya alasiri, kiatu kimoja mguuni. Issa akamaliza watatu waliobaki bila kugonga, akaaga kwa kunong'ona, akaondoka.

Salama akajilaza pembeni ya mdogo wake. Akachungulia pembeni mwa pazia, mzee wa lifti akamtazama. Akaliachia pazia haraka. Akalifunua tena. Yuko palepale. Akahesabu wote tisa, akaanza upya, na kwenye wa nne naye akasinzia.