Shamba la Dada Rosa

Edina alikuwa anaongea. Nilisimama njiani, Biblia kwapani, nikamwona mpwa wangu katikati ya shamba la marehemu mama yake, jembe mkononi, akimweleza Protasi jambo refu huku machozi yakimtiririka. Miezi saba nilikuwa nimeishi naye nyumba moja bila kupata zaidi ya "shikamoo, mjomba". Protasi alipewa yote hayo kwa asubuhi moja. Roho iliniuma, tena si kidogo.

Ilikuwa Machi, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda hadi kijijini kwetu Matiri na magari yao kugombea kahawa yetu. Mimi nilikuwa katekista wa kigango, na padre alinikabidhi vijana waliofiwa, maana tulikuwa tumezika sana. Kila Jumamosi niliwakusanya kanisani, kumi na wawili, nikawasomea habari za ufufuko. Walinitazama tu. Mmoja alisinzia nikiwa katikati ya sala.

Protasi hakuwa na cheo chochote. Alikuwa amepunguzwa kazi Songea, akarudi nyumbani, na hata Rozari aliisali kwa kurukaruka. Lakini aliona mashamba ya wale watoto yamemezwa na nyasi, akawapeleka huko, shamba moja baada ya jingine. Kwetu Umatengoni wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, hadi mteremko wote unakuwa miraba. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba, na kuyafukia majani kwa udongo wanaoutoa, wakiacha mashimo tunayoyaita ngoro. Basi Protasi na wavulana walilaza, wasichana wakachimba, na katika kazi hiyo kila mmoja akasimulia habari za wafu wake. Baba yake Edina alikwisha kufa zamani. Wa kumlazia majani nilikuwa mimi, mjomba. Hilo sikulifikiria, niliona tu kwamba nimeibiwa.

Jumapili nikatangaza, kwa sauti tamu kabisa, kwamba Kipaimara kimekaribia: mafundisho kila siku kwa wiki mbili, asubuhi mpaka jioni, na atakayekosa jina lake halitafika kwa padre.

Protasi alinisubiri nje.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele, amina."

"Shamba la Edina tumelilaza lote, ila tumechimba mistari miwili tu. Mvua hizi zikiyakuta majani hivyo, zitayazoa. Mpe japo siku nne."

"Wewe ni nani wa kunipangia?"

Aliinamisha kichwa, akaondoka. Nisiseme uongo, nilifurahi.

Edina alihudhuria siku zote. Alikaa benchi la mbele, akajibu kila swali bila kosa, na nyumbani hata ile shikamoo ikakoma. Siku ya tisa mvua kubwa ilishusha majani yote bondeni. Mbegu za maharage, alizozifunga dada Rosa mwenyewe kwenye kitambaa kabla hajazidiwa, hazikupandwa mwaka ule. Binti alizirudisha juu ya dari mbele ya macho yangu.

Machi iliyofuata Protasi alikwisha kushukia Mbaha, ziwani, kutafuta maisha. Ndipo nilipochukua panga nikafyeka shamba la dada yangu peke yangu, siku tatu, kisha nikaanza kulaza. Mgongo uliniwaka moto. Kazi ile niliiacha siku nilipopewa ukatekista. Edina alikuja na jembe na kile kitambaa, akasimama juu ya mteremko, akaikagua mistari yangu.

"Mjomba, mstari umepinda."

Niliinama haraka nikaunyoosha, asije akaona uso wangu.

"Na ule wa chini," akasema. "Protasi asingeuacha vile."

Wivu ukanichoma upya, palepale. Nikashuka, nikaunyoosha na huo.