Ramani Iliyobadilishwa Maparoni

Mwalimu Zaitun alifundisha sayansi kwenye shule ya msingi huko Maparoni, mahali ambapo mtandao haushiki. Kila mwisho wa mwezi alivuka kwa boti, akapanda gari mpaka Kibiti. Pale kwenye duka la steshenari aliwasha kompyuta yake akapakua tovuti nzima nzima, na kurasa, picha na ramani zake, ili akirudi kijijini azisome bila bando. Programu aliyotumia iliandika tarehe kwenye kila ukurasa.

Mwezi wa Februari alipakua tovuti ya mradi mmoja wa kuhifadhi mikoko. Ramani yake ilionyesha mashamba ya mpunga ya kijiji yako nje ya hifadhi. Alitia nakala kwenye flashi, akampa Muhidini, mtendaji wa kijiji.

Mwezi wa Mei Hashimu, afisa wa mradi, akaitisha mkutano. Alitandaza ramani mezani, akataka watu watie sahihi kwamba wameikubali. Mashamba yote sasa yalikuwa ndani ya hifadhi, na kulima ni marufuku.

"Mbona hamkutuambia?" aliuliza Bi Salima, ambaye mpunga wake ulikuwa umeshaanza kuiva.

"Ramani hii iko kwenye tovuti tangu mwaka jana. Muda wa pingamizi umepita. Kama hamkusoma, shauri yenu," alijibu Hashimu.

Zaitun alisimama kwa hasira. Watu ambao hata simu huwapata kwa kubahatisha, leo wanasimangwa kwa kutosoma! Tena kwa uongo! Alikwenda nyumbani haraka, akarudi na kompyuta, akaiweka juu ya ramani ile.

"Tovuti yenu hii hapa, ya Februari. Tuonyeshe mashamba ya Bi Salima yako wapi."

Hashimu aliinama, akatazama, akacheka. "Hii umeitengeneza mwenyewe, Mwalimu. Kompyuta ni yako."

Zaitun akamgeukia Muhidini, aliyekuwa amekaa kando ya mgeni tangu asubuhi.

"Mtendaji, flashi niliyokupa iko wapi?"

Muhidini alijikuna shingo. Akamtazama Hashimu, kisha Bi Salima.

"Ninayo ofisini," alisema kwa sauti ndogo. "Haijatoka kwenye droo yangu tangu Februari."

Ikaletwa, ikafunguliwa mbele ya watu wote. Ramani ni ile ile, tarehe ni ile ile. Hashimu alikunja karatasi yake, akasema ana boti ya kuwahi. Hakuna aliyetia sahihi.

Wiki tatu baadaye, Zaitun akiwa Kibiti, aliiona ramani ya zamani imerudishwa kwenye tovuti. Chini yake paliandikwa kwamba kulitokea hitilafu ya kiufundi. Samahani haikuwepo, wala jina la kijiji.

Bi Salima alivuna mpunga wake wote. Lakini Zaitun hakupoa. Hitilafu gani hiyo inayojua kuchagua mashamba ya watu? Swali hilo aliliandika juu kabisa ya barua ya malalamiko kwa mkuu wa wilaya, na Muhidini akaigongea muhuri wa kijiji bila kuombwa mara ya pili.