Kijumba cha Kuta Mbili

Nawatega, wajukuu zangu: yupo mlaji tunayeishi naye, hashibi mchana wala usiku, na ukubwa wa tumbo lake hatuujui mpaka karatasi yake ifike mwisho wa mwezi. Nani? Haya, mmeshindwa. Ni umeme.

Huyo ndiye aliyemsumbua baba yenu mwaka ule babu yenu alipofariki. Bati letu lilikuwa linachoma, na feni ya chumbani kwangu haizimwi, maana daktari alisema joto na presha yangu haviivani. Basi baba yenu akamleta fundi mmoja, tukimwita Futikamba, apime uani. Baba yenu alitaka kunijengea kijumba cha chumba kimoja: kuta mbili mbili zenye pumba za mpunga katikati, vioo viwili kila dirisha, mpira kuzunguka mlango, joto lisipenye.

"Gharama ni karibu mara mbili ya nyumba ya kawaida," Futikamba akasema. "Ila feni mtaisahau."

Shangazi yenu akacheka. "Kaka, hela yote hiyo kumtia mama ndani ya chupa ya chai?"

"Wewe nawe! Kwa umeme tutakaookoa, miaka minane hela imerudi."

"Na mama asipoifikisha hiyo minane?"

Baba yenu akanigeukia. "Mama, utahamia?"

Sikujibu. Si kwamba nilikasirika. Tangu tumzike babu yenu nilikuwa nakula bila kusikia chumvi, na mtu akiniuliza kitu, naona midomo yake tu.

Futikamba akaona bora tushuhudie wenyewe. Akaweka masanduku mawili juani, moja la bati tupu, la pili limejengwa kama kile kijumba, kila moja na bakuli la barafu ndani. Baada ya saa mbili akayafungua. Kwenye la bati, maji. Kwenye la pili, barafu ileile na pembe zake.

"Umeona, bibi?"

Niliona. Nikaishika ile barafu. Vidole havikusikia kitu. Nikatia mkono kwenye lile bakuli la maji. Hayo niliyasikia: yalikuwa vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nikauacha mkono humohumo.

"Sihami, mwanangu," nikasema. "Hizo pumba zipandisheni darini, nibaki chumbani kwetu, mimi na baba yako."